Usiku wa Tende, Kunde na Kichwa cha Samaki: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Karamu ya Rosh Hashanah Nyumbani

Sufuria ya kwanza niliyoiharibu katika nyumba ya Kiyahudi ilikuwa ya wali. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini, Nairobi, na kwa mazoea ya mtu aliyelelewa Mombasa nikatia vijiko viwili vya samli juu ya wali uliokuwa unakauka, ili ung'ae. Pembeni yake nyama ilikuwa inatokota. Mama mwenye nyumba akaingia jikoni, akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, samli ni maziwa." Wali ule haukufika mezani. Sufuria ilikuwa ya upande wa nyama, kwa hiyo yenyewe na mwiko wake vikawekwa kando mpaka rabi aulizwe. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaketi, akanieleza mambo ya jiko lake moja baada ya jingine, nami nikasikiliza.

Tangu siku hiyo nimepika karamu saba za Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Nilichokigundua ni kwamba vyakula vyenyewe si vigeni kwetu hata kidogo. Tende, kunde, mumunye, spinachi, komamanga, asali, kichwa cha samaki: vyote vipo sokoni, na vingine viko karibu na asili yake kwetu kuliko huko Ulaya. Kinachomshinda mpishi mgeni ni mambo matatu: sheria za jiko, saa za sikukuu, na kutojua kwamba kila sahani itasemewa dua yake kabla haijaguswa. Nawaandikia wapishi wenzangu waliomo katika nyumba hizi, na yeyote aliyealikwa akataka kusaidia jikoni bila kuharibu.

Saa za sikukuu

Rosh Hashanah maana yake ni kichwa cha mwaka. Hiyo "rosh" ni ndugu wa "rasi" yetu iliyotoka katika Kiarabu. Sikukuu huwa tarehe 1 na 2 za mwezi wa Tishrei, ambazo kwa kalenda ya kawaida huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, kwa hiyo karamu ni za usiku, nazo ni mbili mfululizo.

Ukiajiriwa kupika, swali lako la kwanza liwe: usiku wa kwanza ni siku gani ya wiki? Usiku wa sikukuu wa kawaida, wanaoshika sheria wanaruhusiwa kupika kwa moto uliokuwa unawaka tangu kabla ya jua kuzama, ila hawawashi moto mpya wala kuuzima. Lakini usiku ukiwa wa Ijumaa, Sabato imeingia pamoja na sikukuu, na hapo hakuna kupika kabisa. Mwaka 2026 usiku wa kwanza ni Ijumaa tarehe 11 Septemba, na mwaka 2027 ni Ijumaa tarehe 1 Oktoba. Miaka yote miwili, basi, kila kitu lazima kiive kabla ya jua kuzama, kisha kikae juu ya sahani ya umeme iliyowashwa mapema na kuachwa hivyo.

Nairobi mwezi Septemba jua huzama yapata saa 12:30 jioni, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla yake. Mimi jiko langu nalifunga saa 12:00. Baada ya hapo usishangae kuona familia inatazama taa iliyosahauliwa kuwashwa bila kukuomba uiwashe. Kazi waliyokatazwa wao, hawaruhusiwi kumtuma mtu mwingine awafanyie. Kwa hiyo pitia taa zote, choo na jokofu mapema, uulize kabla mishumaa haijawashwa.

Sheria za jiko

Kubwa kuliko zote ni ile iliyonikuta mimi: nyama na maziwa havikutani. Havipikwi pamoja, haviliwi katika mlo mmoja, na kila upande una sufuria zake, sahani zake, visu vyake na hata sifongo yake ya kuoshea. Kuna kundi la tatu linaloitwa parve, yaani vyakula visivyo vya nyama wala vya maziwa: mboga, nafaka, mayai, samaki, matunda, mafuta ya mimea. Karamu ya Rosh Hashanah kwa kawaida ni ya nyama, basi siagi, samli, maziwa na krimu sahau kabisa, hata ndani ya mkate na keki.

Hapa sisi watu wa pwani tuna baraka yetu. Tui la nazi ni parve. Nazi uliyoikuna mwenyewe na kuikamua inaingia katika mlo wa nyama bila shida yoyote, na palipotakiwa krimu, tui linafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mama wa nyumba yangu huniomba niweke kipande cha nazi pembeni ya bakuli ili mgeni asidhani ni maziwa. Tui la kopo ni habari nyingine, kwani huwa limetiwa vitu, na ni lazima liwe na alama ya kosher, yaani kinachoruhusiwa kwa sheria za Kiyahudi.

Nyama ni ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au kuku aliyechinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi aliyefunzwa, kisha ikalowekwa na kutiwa chumvi kutoa damu. Nyama halali ya bucha zetu haitoshi, ingawa sheria hizi mbili zinafanana kwa mengi. Ulizia wiki kadhaa mapema, na kwa kuwa nyama hiyo imekwisha kuonja chumvi, usiitie chumvi nyingine kabla ya kuonja mchuzi.

Samaki awe na mapezi na magamba. Changu, tewa, tasi, sato na sangara wanafaa. Kambare, papa, taa, pweza, ngisi, kamba na kaa hawaingii mlangoni. Mnunue mzima na magamba yake, mwenye nyumba ayaone. Samaki ni parve, lakini hapikwi wala haliwi sahani moja na nyama. Analiwa kwanza, sahani na uma vinabadilishwa, watu wanakunywa kidogo na kumega mkate, ndipo nyama ije.

Mayai yavunjie kwenye glasi, moja moja. Lenye doa la damu linatupwa. Mboga za majani fungua jani kwa jani kwenye mwanga, kwa sababu mdudu mdogo ni najisi kuliko nyama yoyote.

Mambo mawili ya mwisho yanamhusu mpishi asiye Myahudi, na ni afadhali uyajue kuliko kuona umedharauliwa. Moto wa kupikia huwashwa na mtu wa nyumba hiyo. Wewe unaendelea kupika. Familia za asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu, yaani Sefaradi, hutaka pia wao ndio waweke sufuria jikoni. La pili ni divai: kama si ile iliyochemshwa kiwandani, inayoitwa mevushal, usiifungue wala kuimimina. Waachie wao.

Usichokipika usiku huo

Hakuna kitu kichachu. Hapa ndipo mkono wa Mpwani unapopata mtihani: hakuna ndimu juu ya samaki, hakuna siki, hakuna achari, hakuna ukwaju. Mwaka unaombewa uwe mtamu, na mdomo haupaswi kuanza na uchachu. Pilipili kali nayo katika nyumba nyingi huachwa. Samaki msugue kwa chumvi ya mawe na unga wa ngano, msuuze mara mbili, shombo itaondoka bila ndimu.

Njugu ulizia. Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, yaani Ashkenazi, huacha kula jozi siku hizi, kwa sababu herufi za neno egoz, yaani jozi kwa Kiebrania, zikihesabiwa kwa tarakimu hutoa 17, sawa na herufi za neno linalomaanisha dhambi likiandikwa bila herufi yake ya alefu. Wengi wao wameingiza njugu zote katika katazo hilo, basi korosho zako zihifadhi. Familia za Moroko huepuka vyakula vyeusi, na huko biringanya halionekani mezani.

Sokoni

Kiini cha karamu ni sahani ndogo ndogo ziitwazo simanim, yaani ishara. Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4, ametajwa katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, akishauri watu mwanzoni mwa mwaka wazoee vitu vitano: kara, rubia, karti, silka na tamri. Kila jina lina mchezo wa maneno ndani yake, na dua imejengwa juu ya mchezo huo. Ukienda Kongowea au Marikiti na orodha hii, unarudi na kikapu kamili.

Tamri ni tende. Dua yake huomba maadui waishe, kwa neno yitamu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, maana "tamati" yetu, iliyopitia Kiarabu, imetoka katika shina hilohilo.

Rubia leo katika nyumba nyingi za Sefaradi ni kunde, na dua ni kwamba mema yetu yaongezeke, yirbu. Kunde ni mmea wa Afrika. Sijawahi kuziosha jioni ya sikukuu hii bila kufurahi kwamba zimezunguka dunia zikarudi kuheshimiwa mezani.

Kara ni boga kwa wengi, lakini maboga haya ya rangi ya chungwa yalitoka Amerika, na Abaye hakuwahi kuyaona. Alichokijua yeye kiko karibu zaidi na mumunye wetu. Nunua mumunye mchanga ambao ukucha unazama katika ganda lake. Dua yake huomba hukumu mbaya ichanwe, na mema yetu yasomwe mbele za Mungu.

Silka ni majani ya jamii ya bitiruti. Ile tunayoiita spinachi katika masoko ya Kenya, yenye bua nene jeupe, ndiyo hasa silka. Wengi wa Ulaya huweka bitiruti yenyewe, nayo ni sawa, kwani ni mmea mmoja. Dua huomba wanaotuchukia waondolewe.

Karti ni liki, na dua huomba wanaotutakia mabaya wakatwe, yikartu. Karti na kata hazina undugu, lakini masikioni zinapatana, na watoto wa nyumba yangu waliozaliwa Nairobi huicheka kila mwaka.

Ongeza tufaha, komamanga, na kichwa cha samaki. Komamanga husemwa kuwa na mbegu 613, idadi ya amri za Torati, na dua yake huomba mema yetu yawe mengi kama mbegu hizo. Kichwa kinatokana na Kumbukumbu la Torati 28:13, kwamba tuwe kichwa na si mkia. Nyumba za Ashkenazi huongeza karoti, kwa sababu kwa Kiyidi, lugha yao ya jadi, neno mern ni karoti na pia ni kuongezeka.

Asali nunua lita nzima. Nyuki mwenyewe haliwi, asali yake inaruhusiwa.

Siku tatu kabla: keki ya asali

Anza na keki, maana haina ladha siku inapotoka kwenye oveni. Inahitaji siku mbili au tatu za kukaa ili asali ienee.

Mahitaji: unga wa ngano vikombe 3, hamira ya unga ya keki kijiko 1 cha chakula, magadi ya kuokea nusu kijiko cha chai, mdalasini vijiko 2 vya chai, tangawizi kavu kijiko 1 cha chai, karafuu ya kusaga robo kijiko cha chai, chumvi kidogo, mayai 3, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta robo tatu ya kikombe, asali kikombe 1, chai ya rangi nzito iliyopoa kikombe 1.

Pima mafuta kwanza, kisha asali kwa kikombe hichohicho. Itateleza yote bila kubaki. Piga mayai na sukari mpaka viwe vyeupe, tia mafuta na asali, halafu unga uliochanganywa na viungo ukipokezana na chai. Rojo litakuwa jepesi kuliko keki uliyozoea. Usiongeze unga. Mimina katika trei mbili ndefu zilizotandikwa karatasi, usizijaze zaidi ya theluthi mbili, uoke kwa nyuzi 165 kwa dakika 50 hadi 60. Juu hushika rangi upesi kwa sababu ya asali, basi ikifika dakika ya 35 ifunike kwa karatasi ya alumini. Ikipoa kabisa, ifunge na uiache.

Siku mbili kabla: kidari

Kidari cha ng'ombe cha kilo 2.5 kinatosha watu wanane. Ni nyama ngumu yenye nyuzi ndefu, na haitaki haraka. Ikaange pande zote katika mafuta mpaka iwe ya kahawia, uitoe. Katika mafuta hayo kaanga vitunguu vinne vikubwa polepole, dakika 20 kamili, mpaka vilainike na kuwa vitamu. Tia vitunguu saumu sita, nyanya nne zilizosagwa, karoti tatu, majani mawili ya bei, vijiko viwili vya asali, na glasi ya divai ambayo mtu wa nyumba ataimimina mwenyewe. Rudisha nyama, funika kabisa, na iive katika oveni ya nyuzi 160 kwa saa tatu na nusu au nne. Nairobi iko juu na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ukiipikia juu ya jiko, ongeza muda.

Kosa ambalo wapishi wengi hulifanya ni kuikata ikiwa ya moto. Itasambaratika. Iache ipoe, iweke usiku kucha katika jokofu, toa mafuta yaliyoganda juu, kisha ikate vipande vyembamba ukikatisha nyuzi, si kuzifuata. Vipange ndani ya mchuzi wake, funika, na siku yenyewe utapasha tu. Squash ya zabibu haifai badala ya divai. Familia isiyotumia divai, tia mchuzi wa mboga.

Siku moja kabla: mkate wa mviringo

Mkate wa Sabato, halla, mwaka mzima husukwa mrefu. Kwa Mwaka Mpya hufanywa duara, mwaka unavyozunguka, na huwekwa zabibu kavu. Mezani huhitajika miwili kila usiku.

Kwa mikate miwili: unga kilo 1, hamira kavu kijiko 1 na nusu cha chakula, maji ya uvuguvugu mililita 400, asali gramu 120, mafuta mililita 120, mayai 3, chumvi kijiko 1 cha chakula, zabibu kavu konzi moja, na yai moja la kupaka.

1. Changanya maji, hamira na kijiko kimoja cha asali. Subiri dakika 10 mpaka povu lipande. Lisipopanda, hamira imekufa. Anza na nyingine.
2. Tia asali iliyobaki, mafuta, mayai yaliyokaguliwa, kisha unga na chumvi. Kanda dakika 10 hadi 12. Donge liwe laini kama la maandazi, linanata kidogo ila linaachia mkono.
3. Funika, liumuke saa moja na nusu. Kimo cha Nairobi huharakisha kuumuka, basi tazama donge, si saa. Likiwa maradufu, tayari.
4. Gawa mara mbili. Kila donge livute liwe kamba ya sentimita 60, mwisho mmoja mnene kuliko mwingine. Bonyeza zabibu ndani. Anza na ncha nene katikati, zungusha kama unavyosokota kata ya kubebea ndoo kichwani, na ncha nyembamba uifiche chini.
5. Ziumuke tena dakika 45. Paka yai mara mbili.
6. Oka nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40. Ugonge chini: ukisikika mtupu, umeiva.

Unga ukifika kama kilo 1 na robo au zaidi, familia hutenga kipande cha donge na kukichoma. Huo ndio wajibu uliompa mkate jina lake, nao ni wao wanaoufanya. Mwite mwenye nyumba kabla hujagawa donge. Mimi humwita hata unga ukiwa kilo moja, maana anapenda kuwa hapo.

Siku yenyewe: sahani za ishara

Amka mapema. Kunde uliziloweka jana. Zichemshe mpaka ziive bila kupasuka, kaanga kitunguu na bizari nyembamba, tia nyanya moja, kunde, na tui zito mwishoni, uache lishikane kwa moto mdogo. Mwaka wa kwanza nilipozipika hivi, bibi wa familia, ambaye alizoea kunde za nyanya tupu za nyumbani kwao, aliomba bakuli la pili, na tangu hapo sijazipika vingine.

Liki nne zipasue kwa urefu, ziloweke katika maji ya chumvi, fungua kila tabaka, mchanga na wadudu hujificha humo. Zikate, zichemshe dakika 15, kisha zikamue kwa nguvu ndani ya kitambaa. Kazi yote iko katika kukamua, kwani zikibaki na maji kababu zitafumuka katika mafuta. Ponda pamoja na kiazi kimoja cha kuchemsha, mayai mawili, chumvi na pilipili manga kidogo, tengeneza vidonge bapa, kaanga. Hiki ni chakula cha Wayahudi wa Uturuki na Balkani, na hupotea mezani kabla ya chote.

Spinachi ichemshe kidogo, ikamue, ikaange na kitunguu saumu. Mumunye ukate vipande, upike na mafuta, chumvi, mdalasini na kijiko cha asali mpaka ulainike. Karoti kilo moja kata duara kama sarafu, pika kwa maji kidogo, asali vijiko vitatu, juisi ya chungwa tamu na viazi vitamu viwili, mpaka maji yakauke na kuacha rojo linalong'aa.

Kichwa cha samaki: toa matamvua yote, la sivyo mchuzi utakuwa mchungu. Osha vizuri, kipike katika sufuria pana na nyanya, kitunguu, manjano, pilipili hoho nyekundu na dania, dakika 15. Mwili wa samaki ukate vipande upike humohumo, maana kichwa kimoja hakitoshi wote na wengi hukitazama tu. Toa kwa uangalifu, kisivunjike. Kikifika mezani kimevunjika, watoto watasikitika.

Komamanga lipasue ndani ya bakuli la maji, mbegu huzama na ngozi huelea. Tufaha likate dakika za mwisho. Kwa kuwa ndimu haitumiki kulizuia lisiwe la kahawia, lipake asali upande uliokatwa.

Supu ya kuku na wali mweupe wa mafuta hukamilisha. Hivyo unavijua.

Mezani

Mishumaa ikishawashwa, watu husalimiana "Shana tova", mwaka mwema, nawe unajibu hivyohivyo. Baba au mama hushika kikombe cha divai na kusoma baraka ya Kidushi, kisha hunawa mikono kwa kata yenye mishikio miwili, na kuanzia hapo hakuna anayezungumza mpaka mkate umegwe. Usiingie kuuliza kama supu iletwe. Mkate mwaka mzima huchovywa katika chumvi. Usiku huu huchovywa katika asali.

Ndipo sinia ya ishara ipite. Kwa kawaida tende hutangulia, kisha tufaha na asali, halafu zilizobaki kwa mpangilio wa nyumba. Kila moja ina dua inayoanza "Yehi ratzon", yaani na yawe mapenzi yako. Ya tufaha huomba Mungu wa baba zetu atufanyie upya mwaka mwema na mtamu. Andaa kijiko kimoja kimoja kwa kila mtu. Hii ni sehemu ya kuonja, shibe inakuja baadaye. Niliwahi kuweka milima ya kunde, na nyama ikarudi jikoni nusu nzima.

Utamu huu una mizizi ya kale. Katika Nehemia sura ya 8, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, watu walilia waliposikia Torati ikisomwa, wakaambiwa wasilie, waende wale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yake asiyeandaliwa kitu. Nyumba ninayofanyia kazi huchukua maneno hayo kama yalivyo. Mikate yangu huwa minane, minne ya mezani na minne ya majirani, na mmoja katika hiyo hupelekwa kwa mlinzi wa lango pamoja na chupa ya asali.

Usiku wa pili

Usiku wa pili hauandaliwi mchana wa siku ya kwanza. Sheria hairuhusu siku moja ya sikukuu kuitumikia nyingine, kwa hiyo hata kutandika meza husubiri giza liingie na nyota zionekane. Yule mwenye kupanga vizuri amekwisha kuacha chakula cha usiku huo kimepikwa jokofuni, na moto mmoja mdogo umeachwa ukiwaka tangu kabla ya sikukuu kuingia. Nyumba ya kwangu huacha mshumaa wa glasi wa saa 48. Kwa mwali huo huwashwa mishumaa ya usiku wa pili na jiko la gesi.

Usiku huu kuna ombi moja la nyongeza: tunda jipya, ambalo familia haijalionja msimu huu, ili baraka ya Shehekheyanu, ya kushukuru kufikishwa wakati huu, iwe na kitu cha kuishika. Ulaya huhangaika kutafuta. Sisi tuna topetope, stafeli, shokishoki na fenesi. Sharti ni moja tu: usimwonjeshe mtu yeyote nyumbani wiki hizo. Mimi hulinunua asubuhi kabla ya sikukuu kuingia, nalifunga kwa kanga, na kulificha juu ya kabati la unga, kwa sababu harufu ya stafeli lililoiva humfikia kila mtoto.